Salamu Mbele ya Goli

Nichekeni tu, nastahili. Jumapili timu yetu ya mtaa wa Flemingdon Park, huku ughaibuni, ilicheza na wenzetu wa mtaa wa Mount Dennis. Majani mekundu yalitudondokea kana kwamba miti inatushangilia. Tulikuwa sare, mabao mawili kwa mawili, na dakika ya mwisho nikaunasa mpira katikati ya uwanja nikatimua mbio. Mabeki wote nikawaacha nyuma.

"Piga, kaka, piga!" akafoka Juma, nahodha wetu.

Kipa wao hakutokea siku hiyo, kwa hiyo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi alijitolea kukaa golini. Nilipomkaribia akainua uso, nikamtambua. Sura ile nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye simu ya Rehema, mpenzi wangu wa siri. Alikuwa baba yake, na hakujua kama mimi nipo duniani.

Adabu ikaitangulia akili. Nikausimamisha mpira, nikainama.

"Shikamoo, baba mkwe!"



"Marahaba," akaitikia, huku akiuokota mpira miguuni pangu. "Nina binti mmoja tu, kijana. Hebu sogea hapa."