Mpima Maji na Kikombe cha Mama Mkwe

Kila Jumanne mpima maji hubisha hodi kwetu kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza, buti zake zimejaa tope la dampo la zamani, lile la nyuma ya nyumba zetu, ambalo taka zake zinachimbuliwa zisizidi kuvujia visimani. Huvaa glavu, huteka maji ya kisima chetu, huijaza chupa ya maabara pomoni, huiandika tarehe, kisha huinusa glavu. Hakuna aliyemtuma kunusa. Mama mkwe wangu humuuliza, "Mwanangu, yamepona?" Naye hujibu, "Bado, mama," akiziangalia buti zake. Huu ni mwaka wa sita. Kiu ikimbana huzunguka nyuma ya gari lake na kunywa maji aliyokuja nayo kutoka kwake, upesi upesi, utadhani anaiba.

Jumanne iliyopita alikuja bila maji yake. Alijibwaga kwenye benchi letu, karatasi ya maabara ikichungulia mfukoni. "Mama, naomba maji ya kunywa." Mama mkwe akaliendea pipa la maji tunayoletewa na gari. "Siyo hayo," mpima maji akasema. "Ya kisimani." Tukatazamana. Niliyateka mwenyewe, nikayamimina katika kikombe cha mama mkwe. Alikunywa taratibu, macho ameyafumba, hadi tone la mwisho. Akamrudishia mama mkwe kikombe kwa mikono miwili, pamoja na ile karatasi ya maabara: kisima chetu, salama; akajishika magoti, akainuka. Mama mkwe alikuwa bado amekishika kikombe kile mpima maji alipobisha hodi kwa jirani, na kupitia uani tukaisikia sauti ile ile: "Bado, mama."