Soketi Namba Kumi na Nne

Katika idara ile ya chuo kikuu hakuna aliyemwita fundi wa kompyuta kwa jina lake. Walimwita Mama Zima-Washa, kwa kuwa mtu akimpigia simu kusema kompyuta imeganda, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Zima, kisha washa." Wahadhiri waliligeuza kichekesho. Kati ya kompyuta kumi, saba zilipona papo hapo kwa dawa hiyo, na hakuna aliyewahi kurudi kusema ahsante.

Naye hakuwapenda. Alikuwa na miaka kumi na moja ya kutowapenda, kila mwaka na sababu zake. Huyu alimwaga chai kwenye kibodi akaapa kwamba paa linavuja. Yule alibandika paswedi yake kwenye kioo cha kompyuta, halafu akapiga kelele kuwa maswali ya mtihani yameibwa. Na wote walimpa ofisi chini ya ngazi, chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, ambamo kila wanafunzi waliposhuka vumbi lilimwangukia kichwani.

Jumatatu ya wiki ya kuwasilisha matokeo, mtandao wa ghorofa ya tatu uliugua. Haukufa, heri ungekufa. Kompyuta hii ilifanya kazi, ya jirani yake haikufungua hata ukurasa mmoja. Simu zikamiminika. Fundi akatoa dawa yake ya siku zote, na waliozima na kuwasha wakapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Mkuu wa idara, profesa mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba kalamu, alimkuta koridoni amebeba kisanduku chake cha vifaa. Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani wakisubiri sahihi.

"Hivi wewe unafanya kazi gani hapa?" aliuliza. "Matokeo yanatakiwa Alhamisi saa sita. Yasipofika nitasema ni wewe."

"Kuna mtu kachomeka kifaa kigeni, Profesa. Naomba uwaulize walimu wako."

"Walimu wangu wana shahada za uzamivu. Wewe una bisibisi."

Wanafunzi wakacheka. Fundi alihamishia kisanduku mkono wa pili, akaenda zake.

Alipita mlango kwa mlango akiuliza. Kila mmoja alikana, na mmoja alimfungia mlango kabla hajamaliza sentensi. Jumanne jioni, katibu muhtasi wa mkuu alimletea bahasha chini ya ngazi, akaiweka mezani bila kumtazama. Ilikuwa barua ya onyo: uzembe kazini, nakala kwenye faili lake.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, aliisoma mara mbili. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuelewa kazi hiyo ni ya namna gani, alisema toka jikoni, "Si nilisema? Mwanamke na nyaya, wapi na wapi."

"Mama, nyamaza kidogo," mumewe alisema.

Fundi aliirudisha barua kwenye bahasha. Usingizi ulimjia kwa shida, na hasira ndiyo iliyomwamsha.

Jumatano asubuhi alikaa mbele ya kompyuta moja mbovu, akaacha kuhangaika na watu, akaanza kuisikiliza mashine. Kila kompyuta inapowashwa huomba anwani, kama mgeni anavyoomba chumba mapokezi, na mashine moja tu ya idara ndiyo yenye ruhusa ya kugawa. Aliitazama anwani iliyopewa kompyuta ile. Haikuwa ya idara hata kidogo. Ilikuwa ya aina inayogawiwa na ruta za nyumbani, vile visanduku vya kurushia mtandao hewani. Basi mapokezi kulikuwa na tapeli anayegawa vyumba visivyokuwepo. Ndiyo maana kompyuta zilizokuwa hazijazimwa tangu Ijumaa, kabla tapeli hajafika, zilikuwa salama: zilishika anwani zao za zamani. Na ndiyo maana dawa yake iliua.

Alifungua kabati la swichi, mashine inayogawa mtandao kwenda kila ofisi, mwisho wa koridoni. Nyaya ishirini na nne, kila moja na namba ya soketi yake ofisini. Alichomoa moja, akatazama kompyuta aliyoiweka sakafuni, tapeli yupo, akairudisha. Ya pili. Ya tatu. Walimu walipita wakimruka kama ndoo ya deki. Alipochomoa namba kumi na nne, tapeli akatoweka. Kompyuta ikapata anwani halali, kurasa zikafunguka. Hakuurudisha waya ule. Aliegemea kabati, akangoja.

Haikupita dakika moja. Mlango wa mkuu wa idara ukafunguka kwa kishindo.

"Nani amenikatia mtandao?"

Vichwa vilichomoza kila chumba. "Kwetu umerudi, Profesa," alisema mhadhiri mmoja kwa furaha. "Wote tumepata."

"Isipokuwa wewe," fundi alisema. "Nyuma ya meza yako kuna ruta ya nyumbani. Ichomoe mwenyewe au niingie niichomoe mimi?"

Profesa alitazama huku na huku asione wa kumlaumu.

"Nilikuandikia!" hatimaye alifoka. "Mara mbili! Ofisini kwangu mawimbi ya mtandao hayafiki, ukanipuuza, nikaleta ruta yangu!"

Fundi alimpita mlangoni. Aliingia, akaikuta nyuma ya meza, imefichwa na pazia, ikipepesa taa zake, akaitoa, akampa mkononi mbele ya wote.

Matokeo yaliwasilishwa siku ile ile. Yeye aliandika taarifa ya kurasa mbili, yenye saa, anwani na namba za soketi, akaipeleka mwenyewe kwa msajili wa chuo. Ijumaa barua ya onyo iliondolewa kwenye faili. Radhi hakuombwa. Tangu hapo profesa hupita karibu naye kama anayepita ukuta, naye fundi humrudishia kipimo kile kile.

"Lakini kweli alikuandikia?" mumewe aliuliza jioni ya Ijumaa hiyo, akiwa ameshika pindo la gauni la mteja.

Fundi alivua viatu, akasugua nyayo zake.

"Aliandika."

"Sasa?"

"Niliziweka barua zake chini ya za wengine wote. Kwa makusudi. Nilitaka naye asubiri."

Mumewe aliinamia cherehani, akashona pindo lote mpaka mwisho.

"Na usimwambie mama yako," mkewe alimwambia.

"Mimi tena?" alisema, akakata uzi kwa meno.