Hodi, Mama Mkwe

Dereva wa lori la saruji hapandi garini kabla ya kubisha hodi. Huzunguka na kirungu chake akigonga tairi moja baada ya jingine, "Hodi, mama mkwe," kisha huinamisha sikio kwa adabu. Likilia kama ngoma iliyowambwa, hulipapasa. Likinung'unika, haondoki mpaka lijazwe upepo. Bibi muuza chai wa pale yadini humcheka kila siku, na kila siku humwekea kikombe chenye mkono, maana vidole vyake vinene havijui kushika cha moto.

Asubuhi moja dereva alirudi akiwa amekesha barabarani, na tajiri wake akapiga simu akitaka mzigo mwingine uondoke sasa hivi. Dereva akalizunguka lori, hodi, hodi, akapitiliza hadi kwenye benchi la bibi, akaligonga mguu.

"Hodi, mama mkwe."

"Mkweo huyo ni wa mbao, hajazwi upepo," bibi akasema. "Lete ufunguo."

"Sina usingizi, bibi."

"Basi ni benchi langu lenye usingizi?"

Akautoa ufunguo wa lori, akajilaza hapo hapo. Simu ilipoita tena, bibi akaipokea yeye.

"Lori haliondoki, tajiri. Matairi yote mazima. Dereva ndiye ana pancha."