Plagi Zangu Nilizomdai Fundi Daniel

Sijui nitapitaje tena mbele ya gereji ya Fundi Daniel hapa Karatu. Pikipiki yangu ya safari imeshazeeka kwa barabara za Endulen na Ololosokwan, na mafundi siwaamini: ukigeuka tu, spea halisi imekuwa feki. Wiki iliyopita nilimwachia aibadilishe cheni. Jana nikaifuata. Ikawaka, ikakohoa, ikazima. Nikafungua plagi, nikakuta kuukuu!

"Mwizi! Plagi zangu mpya ziko wapi?" nilifoka mbele ya wateja wake.

"Kaka, mimi nimegusa cheni tu. Usiniharibie jina."

Nikachomoa simu kwenye jaketi niite polisi. Ikatoka na plagi mbili mpya, zikaanguka miguuni pake. Nilikuwa nimezifungua mwenyewe siku ile ya kumwachia pikipiki, nikafunga kuukuu, asije akaniibia.