Butoni ya Mbio

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika kumi za alasiri. Najua, maana nilikuwa naangalia saa ya ukutani ili nisimwangalie mgeni usoni. Hata leo nikipita mtaa wa Nyawera, nikasikia ventilateri, feni ya ordinateri, yaani kompyuta, ikivuma dukani, ninanusa tena vumbi la moto la mashine yetu, na ninakuwa tena mtoto wa miaka tisa.

Papa alikuwa sekretari wa shule. Ilikuwa vita, umeme ulikuwa umekatika siku nne, na kesho yake asubuhi padri mmoja alikuwa apande ndege Kavumu na orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita. Asiyekuwa kwenye orodha hangefanya mtihani wa serikali. Dada yangu Furaha alikuwa kwenye mwaka huo wa sita. Tangu mchana alikuwa jikoni, anaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Mashine ilikula umeme wa batri ya gari. Mbele ilikuwa na butoni na kidirisha cha namba: ukibonyeza, 66, ukibonyeza tena, 33, na mashine inatembea nusu ya mbio. Mgeni, Tonton (yaani mjomba) Bahati, fundi wa redio, ndiye aliyetuazima batri, kwa hiyo ndiye aliyeamuru.

"Papa Furaha, tuweke trente-trois, ile thelathini na tatu. Mutu wa njaa hakimbiake. Ikienda polepole, batri itafika."

"Weye ndiye docteur," Papa akasema. "Miye najua makaratasi tu."

Mashine ikaanza kujumlisha pointi na kupanga majina kwa herufi, A mpaka Z. Krr. Kimya. Krr. Majina yalitoka moja moja, kama mama anayepanda kilima cha Kasha na mzigo wa muhogo mgongoni. Ekrani, kioo cha mashine, ilikuwa inang'aa tu, inatutazama. Taa ndogo ya batri ikageuka nyekundu kabla hatujafika herufi M. Wiki iliyopita, kwa batri kama hii na 66, orodha ya darasa lingine ilifika Z taa ikiwa bado kijani.

Niliona tunakosea. Lakini kusema mbele ya mgeni, mimi? Hata salamu nilikuwa naitoa nyuma ya mlango. Nikaenda jikoni. Furaha alikuwa na kikombe kilekile mkononi. Nikarudi, nikabonyeza butoni, 66, halafu nikazima ekrani.

"Weye mutoto! Umeua machini!"

"Ngoja, Bahati," Papa akasema. "Sikiya."

Krr-krr-krr, bila kupumzika, kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria. Ilikuwa inafanya kazi bila kutuonyesha. Iliponyamaza nikawasha ekrani: tulikuwa kwenye Z.

"Kumbe ekrani ndiyo mulafi!" Tonton Bahati akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Na haka kabinti kanajificha, kumbe kanahesabu!"

Imprimanti, mashine ya kuchapa, ikaanza kulia. Batri ikafa kwenye karatasi ya mwisho, limebaki jina moja: Zihalirwa Furaha.

Niliona hasira. "Papa, kwa nini hukumuweka wa kwanza?"

"Kila mutu na nafasi yake," akajibu, akakunja karatasi. Nilidhani hampendi.

Mambo ya mashine nimeyaelewa mwaka huu, kwenye somo la fizikia. Ekrani ilikula kila dakika tuliyokaa mbele yake, na sisi, kwa kuihurumia batri, tuliongeza dakika. Ya Papa yalichukua muda zaidi. Orodha iliyoanza na binti wa sekretari, nani angeiamini? Wangemtilia shaka yeye, na wenzake wote pamoja naye. Sasa nakumbuka pia kwamba usiku ule alilala na ile karatasi chini ya mto.

Giza lilikuwa limeingia, mshumaa hatukuwa nao, na Papa hakutaka kosa. Kwa hiyo asubuhi, mwanga ulipogusa tu dirisha, na jeep ya padri ikinguruma tayari barabarani, alinipa kalamu ya biki, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Furaha alisimama nyuma yangu. Nikaandika jina la dada yangu, herufi moja moja, kwa mwendo wa trente-trois, na Papa akapiga muhuri pembeni.