Salamu ya Mlangoni mwa Hema

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, lori lililofunikwa turubai lilipoingia kwetu Pongwe bila honi wala kipaza sauti, likaegeshwa kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya korona, kile kiwanda cha mkonge kilichokuwa kimekwisha kufungwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Yashike hayo ya umri, kwa kuwa ndiyo kisa chenyewe.

Hema walilolisimamisha lilishonwa kwa magunia ya mkonge, na mbele yake wakatundika ubao: sarakasi, siku nne tu, vijana pekee, kiingilio ni salamu. Watu wazima waliusoma wakacheka, wakasema hao bila shaka ni watu wa dini wanaotafuta njia ya kuwavuta vijana. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Ndivyo tulivyo wanadamu: cha kununua tunakikagua hadi mshono wa ndani, cha bure tunakipokea kwa mikono miwili huku tumefumba macho.

Nilikwenda na Doto, pacha wangu. Babu yetu alitoka bara kuja kukata mkonge, akamwoa mwanamke wa Kidigo kutoka Mkinga, na kwa sababu hiyo tulikuwa na majina ya bara na ulimi wa pwani. Mimi Kulwa nilitangulia kuzaliwa kwa robo saa, na robo saa hiyo niliitumikisha vilivyo. Nilimtuma Doto maji, nilimtuma dukani, na akinung'unika nilimkumbusha kuwa mimi ni mkubwa wake. Darasani nilikuwa wa kwanza. Nilipenda kuheshimiwa kuliko nilivyopenda kula.

Mlangoni mwa hema alikaa ajuza mwenye kidoa cheusi chini ya jicho, ambaye ngozi ya mikono yake ilikuwa imekunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Kila kijana aliyefika mbele yake, ajuza yule alijiinua kwa taabu, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo."

Aliyetutangulia kwenye foleni alikuwa Jumbe, golikipa wa shule yetu, mtu wa maneno mengi.

"Bibi, umekosea mtu, au macho hayo?" akamwuliza.

"Sijakosea. Shikamoo, kaka."

Jumbe akatunisha kifua. "Marahaba! Hujambo, mtoto mzuri? Na shule unakwenda?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Jumbe akaingia ndani akipunga mkono kama bwana harusi. Ikafika zamu ya Doto.

"Mimi ndiye wa kukuamkia, bibi," Doto akasema. "Shikamoo."

Ajuza hakuitikia. Uso wake ulifungika kama mlango. Doto akarudia, akidhani hakusikika, na ajuza akasema, "Usiyeitikia huingii. Wapishe wenzako."

Doto akanivuta mkono wa gauni. "Kulwa, mtu mzima gani huyo anaamkiwa asiitike? Twende zetu."

"Mshamba we," nikamjibu. "Huu ni mchezo tu." Kisha nikamgeukia ajuza, aliyekwisha kuniinamia, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni yote: "Marahaba, mjukuu wangu."

Nilihisi kitu kikinitua begani, chepesi mfano wa mtandio. Naye ajuza alinyoosha mgongo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Nililiona hilo, mwanangu. Nililiona, nikalipita.

Ndani walikuwamo wanasarakasi watano, wote vikongwe. Mmoja, tuliyempachika jina la Mzee wa Kamba, alijaribu kutembea juu ya kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili, akateleza mara tatu. Mwingine alijikunja aingie kwenye sanduku, na viungo vyake vikalia kama kuni mbichi motoni. Tuliwapigia makofi kwa huruma. Mwishoni wakajipanga wakatuamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nasi tukaitikia huku tukikonyezana. Nilitoka pale nikijiona sultani.

Jumatano nilirudi. Mzee wa Kamba alikuwa na nywele nusu nyeusi, akapiga sarakasi hewani na kutua kwa vidole vya miguu. Tukasema amepaka rangi. Alhamisi mlangoni sikumkuta ajuza. Alikaa mwanamke wa makamo, umri wa mama yangu, mwenye kidoa kile kile cheusi chini ya jicho. Nikajiambia ni binti yake. Mwanangu, shaka ikikujia mara moja ni mgeni, mkaribishe umsikilize. Mimi nilimfukuza mlangoni siku tatu mfululizo.

Doto, aliyekuwa akinisubiri nje siku zote hizo, alikuwa na orodha yake. Hakuna aliyewaona wakinunua chakula wala wakiwasha jiko. Muuza mihogo alimwamkia Mzee wa Kamba mara mbili, naye akampita kama kiziwi. "Wanatoa shikamoo," Doto aliniambia tukirudi nyumbani, "lakini hawapokei hata moja. Kwa nini?" Nikamwambia anaona wivu kwa sababu yeye ndiye aliyekataliwa mlangoni.

Jioni hiyo kabla ya Magharibi, bibi yetu mzaa baba alikuwa barazani akitia pindo kanga. Kazi ya kumtungia uzi kwenye sindano ilikuwa yangu tangu utotoni, kwani macho yake yalikuwa yamechoka. Nikalowesha ncha ya uzi mdomoni, nikainua sindano. Tundu halikuwapo. Nikaisogeza mbali, ikaja, nikaikaribia, ikapotea. Nilijaribu mara tatu. Doto akaichukua, akatunga mara moja.

Bibi hakuitazama sindano. Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akapekua nywele zangu juu ya sikio. Kisha akauliza taratibu:

"Nani amekuamkia?"

"Bibi?"

"Sikukuuliza umekula nini. Nani amekuamkia wewe, ukamwitikia?"

Nikamweleza yote. Nilitaraji kofi, lakini aliichomeka sindano kwenye kanga, akaisikiliza adhana hadi ikaisha.

"Shikamoo ni mzigo," akasema. "Mdogo humpa mkubwa heshima ya miaka aliyokwisha kuibeba. Wewe umepokea heshima ya miaka ambayo hujaiishi, nayo miaka ikaifuata heshima yake. Hao walikuwa wanatafuta mtu wa kumtwika, wakamkuta msichana anayependa kuitwa mkubwa. Mzaha mzaha, Kulwa, hutumbuka usaha."

"Nifanye nini?"

"Kesho uende ukamwamkie yule wa mlangoni. Kwa magoti, mbele za watu, na kwa moyo, maana ya mdomoni haivuki. Akiitikia, kila mtu atarudi na chake."

"Na asipoitikia?"

"Ndiyo maana ujihimu, kabla hajanogewa na ujana."

Doto akasema yeye yuko tayari kwenda badala yangu. Bibi akatikisa kichwa. "Salamu haina wakili, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ainame mwenyewe."

Siku ya pili yake, vipindi vya asubuhi vilipokwisha, tulimpitia Jumbe. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na mpira wa chini ambao mtoto wa darasa la pili angeudaka ulikuwa umempita mbele ya shule nzima. Tulipomweleza maneno ya bibi, hakubisha hata neno moja. Golikipa anayajua magoti yake. Tukafika uwanjani mara tu baada ya sala ya Ijumaa, tukakuta hema limekwisha kukunjwa na injini ya lori inanguruma. Walikuwa wametangaza siku nne. Walikuwa wanaondoka siku ya nne kabla haijafika alasiri. Vijana wenzetu walisimama kuwatazama, na nilipowaangalia vizuri nikaona huyu ameshika kiuno, yule amekaa chini akihema, na hakuna aliyekuwa akicheza mpira.

Wanasarakasi walikuwa vijana wazuri wa kuvutia, wakirusha magunia garini kwa kicheko. Nikaganda. Vile vicheko nilivijua. Kimoja kilikuwa cha Jumbe. Kingine kilikuwa changu.

Jumbe alikifuata kicheko chake moja kwa moja hadi kwa kijana ambaye siku ya Jumanne tulimwita Mzee wa Kamba. Akapiga magoti kwenye mchanga akiuma meno kwa maumivu. Watu wakacheka. "Shikamoo, babu," akasema, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti yake. "Pole kwa yote uliyoyabeba. Shikamoo."

Kijana yule akasimama na gunia mkononi. Midomo ikamcheza. Sijui ilikuwa imepita miaka mingapi tangu mtu ampe alichostahili. "Marahaba," akasema, kama anayelikumbuka neno polepole. "Marahaba, mwanangu."

Nywele zake zikawa nyeupe mbele ya macho yetu, kama kaa linavyoshikwa na majivu. Mgongo ukapinda, gunia likaanguka, naye akaketi chini akitabasamu. Sijapata kumwona mtu aliyepumzika kiasi kile. Wenzake wakamwinua haraka, wakamtupa garini kama mzigo. Jumbe akasimama, akaruka mara moja, akaruka tena, kisha akaanza kulia.

Ikabaki zamu yangu. Yule wa mlangoni alikuwa ameketi nyuma ya lori akining'iniza miguu, msichana mdogo kuliko mimi, na kidoa cheusi chini ya jicho.

"Enhe, mjukuu wangu," akasema, akinirudishia mzaha wangu kwa sauti yangu mwenyewe. "Umekuja kuniaga?"

Wanafunzi wenzangu walikuwa wamenizunguka. Alikuwamo yule aliyekuwa wa pili darasani, amekunja mikono, anangoja kuona. Magoti yaliniuma, ni kweli, lakini siyo yaliyokataa. Nilimtazama yule msichana nikawaza: nimpigie magoti huyu, kitoto hiki, watu wote wananiona?

"Piga magoti, Kulwa," Doto alininong'oneza, sauti ikimkatika. "Usitazame uso. Uzee wake umo ndani. Piga magoti, nakuomba."

Nikasema, "Shikamoo." Nililisema nimesimama wima, kama mtu anayetema kokwa.

Msichana akacheka kicheko changu. "Sikusikia," akasema.

Lori likaondoka. Doto alikimbia ubavuni mwake hadi pumzi zikamwishia, akaanguka magotini vumbini, akipaza shikamoo moja baada ya nyingine kwa ajili yangu, na hakuna aliyemjibu. Lilipokata kona kuingia barabara kuu, yule msichana akaweka viganja mdomoni, akaniita kwa sauti ya upole:

"Shikamoo, bibi!"

Vijana wote wakageuka kunitazama. Nami nikauziba mdomo wangu kwa mikono miwili, kwa kuwa ulimi, mwanangu, ulikuwa umekwisha kuzoea kuitikia.

Sasa nina miaka arobaini na sita. Nasema hivyo kwa sababu najua usingeniamini ungeniona. Doto anamsindikiza kitinda mimba wake shule. Mimi natembelea mkongojo. Tukienda mjini Tanga pamoja, watu hunipisha kiti na kumwuliza Doto kama mimi ni mama yake. Yeye hujibu, "Ni pacha wangu," nao hucheka, wakidhani ni adabu ya binti mwema. Jumbe peke yake, aliyenizidi akili siku ile kwa kupiga magoti, ndiye anayeniita Kulwa mtupu, tena huniambia "mambo" kama tulivyoambiana darasani. Wengine wote huniamkia. Shikamoo zao zinaniuma, kila moja.

Nimeshika kalamu leo kwa sababu juzi mtoto wa jirani alinionyesha picha katika simu yake. Ilipigwa Maramba. Hema la magunia ya mkonge, na ubao usemao kiingilio ni salamu. Mlangoni ameketi ajuza mwenye kidoa cheusi chini ya jicho, amekunjamana kama nilivyomkuta siku ya kwanza. Miaka yangu amekwisha kuimaliza. Hakuna cha kunirudishia.

Hata hivyo Jumamosi nitakwenda. Nitapiga magoti mbele ya watoto wote wa Maramba na kumwamkia kwa moyo, kama nilivyotakiwa. Huenda akaitikia akapumzika, kama Mzee wa Kamba. Na asipoitikia, nitabaki pale mlangoni nimepiga magoti, na atakayetaka kuingia itambidi kwanza aniulize mimi ni nani.

Nawe uliye mbali na Maramba, shika haya. Kitu kikiitwa cha bure, uliza nani anakilipa. Mtu asiyeitikia salamu yako, usivuke kizingiti chake, hata ndani kukiwa na ngoma na taa. Ukipewa heshima iliyokuzidi umri, irudishe pale pale kabla haijakukaa begani. Na penye haki ya kuinama, inama, akiwapo anayecheka na asipokuwapo, wala usipime ukubwa wa mtu kwa uso wake. Mimi kosa la kwanza nililifanya kwa utoto, na Mungu aliniwekea mlango wa kutokea. La pili nililifanya kwa kiburi, mlango ukiwa wazi.

Mungu akujalie miaka yako yote, mwanangu, mmoja mmoja na kwa zamu yake. Asikupunguzie hata mmoja, wala asikubebeshe wa mtu mwingine. Na siku utakapoamkiwa kwa haki, ukaitikia kwa haki, basi sauti yako iwe ya mtu aliyefika huko kwa miguu yake.