Betri za taa zangu ziko kwa nani?

Leo nimepanda bodaboda mpaka Msimbati kwenda kumvaa mke mwenzangu.

Mume wetu akinunua kitu hununua viwili, ili tusigombane. Hata taa za sola za bustanini alileta seti mbili.

Zangu zikazimika. Akasema, "Chumvi ya bahari hiyo, zimekufa."

Sikukubali. Asubuhi nikachukua bisibisi, nikafungua moja.

Betri hamna!

Nikafungua zote. Hamna.

Jamani, wivu ulinipanda mpaka kichwani. Nikajua tu kampelekea yule, kipenzi chake. (Na ngozi yake ile, acheni tu.)

Nafika, namkuta kachuchumaa kwenye maua yake, bisibisi mkononi, taa zote kazifungua.

Tupu.

Akanikazia macho, hata salamu hakuna: "Dada, umekuja kunitambia? Mimi kaniambia zangu zimeuawa na chumvi."

Nikakaa palepale mchangani. Kumbe hata uongo katugawia sawa!

Sasa tuko wote jikoni kwake, tunamenya mihogo.

Nyie mlioko Mtwara mjini, anakoshinda mume wetu, hebu tuambieni: mwanamke gani huko bustani yake inawaka sana siku hizi?